Mwana wa Gerda

Simulizi ya kweli

SEHEMU YA KWANZA

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wayahudi wa Kielce, Poland, walianza kurejea mjini mmoja mmoja. Walikuwa wachache mno. Agosti 1942 Wanazi waliwasomba zaidi ya watu 20,000 wa mji huo, wakawapakia kwenye mabehewa na kuwapeleka Treblinka kuuawa. Ndiyo maana kila uso mpya ulipoonekana barabarani ulizungukwa na maswali: umetoka kambi gani, ulikuwa na nani, fulani umemwona?

Miongoni mwa waliouliza alikuwa Gerda Buergenthal. Alikuwa ametoka Ravensbrück, kambi ya wanawake iliyokuwa Ujerumani, na alikuwa akitafuta watu wawili: mumewe Mundek na mtoto wao wa pekee, Thomas, ambaye nyumbani walimwita Tommy. Mara ya mwisho wote watatu walikuwa pamoja Agosti 1944, siku waliposhushwa kwenye treni Birkenau, katika kambi ya Auschwitz. Wanawake walisukumwa huku, wanaume kule. Tommy alikuwa na miaka kumi.

Umri huo ndio uliofanya watu wainamishe vichwa. Kila aliyepita Auschwitz alijua kwamba watoto wengi walipelekwa kwenye chumba cha gesi saa ileile ya kufika. Walimshauri Gerda aache kujitesa, amlilie mwanawe kama wenzake walivyowalilia wao, maisha yaendelee.

Gerda akakataa. Alikuwa na sababu ambayo mtu mwingine angeona haya kuitaja. Kabla ya vita, familia ikiwa Katowice ikisubiri viza za kwenda Uingereza, aliwahi kwenda kwa mpiga ramli. Akaambiwa kwamba mwanawe ana nyota njema, na kwamba misukosuko itakayokuja haitamwangamiza. Viza zilipatikana. Safari ikapangwa kuwa Septemba 1, 1939, siku ambayo Ujerumani iliivamia Poland. Treni waliyopanda ilishambuliwa kwa mabomu, wakaendelea kwa miguu hadi Kielce, na huko mlango ukafungwa nyuma yao.

Sitaki kubishana na mtu juu ya ramli. Ninachojua ni kwamba Gerda alihitaji neno la kumkinga na hesabu za wenzake, na neno hilo alikuwa nalo. Tena hakuwa akiamini kwa upofu. Mwaka 1943, palepale Kielce, Wajerumani walipowakusanya watoto wa kambi ya kazi ili wakawaue, Tommy alimsogelea kamanda akamwambia kwa Kijerumani fasaha kwamba yeye anaweza kufanya kazi. Kamanda akamwacha. Wenzake hawakurudi. Mama aliyeshuhudia mwanawe akiponea mlangoni mwa kaburi namna ile, nani atamlaumu kwa kuamini kwamba ameponea tena?

Kielce ilipokosa jibu, Gerda alirudi Göttingen, mji wa Ujerumani alikozaliwa. Wazazi wake waliwahi kuwa na duka la viatu pale. Wote wawili walikuwa wamechukuliwa na kuuawa. Katika mji ule uliomfukuza, sasa ukiwa chini ya jeshi la Uingereza, aliketi akaanza kuandika barua. Alimwandikia kila aliyeweza kuwa na orodha ya majina ya waliosalia, akimtaja mwanawe.

Sasa tuvuke upande wa pili, maana msomaji ana haki ya kujua lile ambalo Gerda hakulijua. Tommy alikuwa hai.

Siku waliyofika Birkenau, treni yao ilitoka kwenye kambi ya kazi, na kwa bahati hiyo hawakuchaguliwa nani afe nani abaki pale reli ilipoishia. Mundek akamfundisha mwanawe ujanja wa kuishi: wakati wa kuhesabiwa asimame safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa bweni, na uchaguzi ukianza ateleze arudi ndani. Walikaa hivyo hadi Oktoba, Mundek alipochukuliwa. Tommy akabaki peke yake. Mara moja tu alimwona mama yake kwa mbali, ng'ambo ya waya wa umeme.

Januari 1945, majeshi ya Urusi yalipokaribia, wafungwa wa Auschwitz walitolewa na kutembezwa kwenye theluji. Aliyeanguka alipigwa risasi. Tommy alitembea siku tatu, kisha akapakiwa kwenye behewa lisilo na paa, katikati ya majira ya baridi. Treni ilipopita Chekoslovakia, wananchi waliokuwa juu ya madaraja waliwarushia mikate. Alipofika Sachsenhausen, karibu na Berlin, vidole viwili vya mguu wake vilikuwa vimekufa kwa baridi, vikakatwa.

Hospitalini mwa kambi hiyo alijiwa na mfungwa kutoka Norway, Odd Nansen, mtoto wa mpelelezi wa ncha za dunia Fridtjof Nansen. Nansen alimletea chakula na kuzungumza naye. Kwa siri aliwahonga wahudumu tumbaku ili jina la mtoto lisiingie kwenye orodha ya wagonjwa wa kuuawa, na usiku aliandika habari zake kwenye shajara aliyoificha. Machi 1945 Wanorway wakahamishwa. Nansen aliondoka akiamini kwamba mtoto yule hataiona amani.

Aprili 22, Warusi na Wapoland wakaikomboa kambi. Askari wa Poland wakamkuta mtoto anayesema lugha yao, wakamchukua. Wakamshonea sare ndogo ya kijeshi na kumpatia farasi mdogo wa sarakasi, naye akaingia Berlin pamoja na kikosi. Mwishowe askari mmoja aliona kwamba mtoto hawezi kukulia jeshini. Akampeleka Otwock, mji wenye misonobari karibu na Warsaw, kwenye nyumba ya yatima wa Kiyahudi.

Yatima. Ndivyo daftari lilivyomtambua. Julai 4, 1946, umati wa watu palepale Kielce uliwashambulia Wayahudi waliokuwa wamerudi, ukaua 42. Baada ya hapo maelfu wakaanza kukimbia Poland, na nyumba za yatima nazo zikatafuta njia ya kuwatoa watoto. Jina la Thomas Buergenthal likaandikwa katika orodha ya watoto wa kupelekwa Palestina.

Orodha ikaondoka Otwock. Mtoto naye alikuwa akingoja zamu ya kuifuata, avuke bahari akaishi ambako hakuna hata mmoja wa damu yake, huku Göttingen mama yake akitia barua nyingine kwenye bahasha.

SEHEMU YA PILI

Orodha hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Ilifika mikononi mwa Shirika la Kiyahudi la Palestina, ambako yalikuwa yakipokelewa pia maombi ya watu waliotafuta ndugu zao. Ulaya ya miaka ile ilijaa karatasi za namna hiyo. Kompyuta haikuwepo. Kulikuwa na makarani, vidole vyao vikishuka polepole juu ya majina, na kila jina lilikuwa limeandikwa kwa tahajia ya nchi yake. Mmoja wao akaona jina la mtoto aliye Otwock. Akakumbuka, au akapekua, akakuta kwamba kuna mama wa Göttingen anayemtafuta mtoto wa jina hilohilo.

Ningependa sana kumjua karani huyo. Hakuna sanamu yake popote, na kazi yake ya siku moja ilishinda hotuba nyingi.

Barua kutoka Göttingen ikafika Otwock. Jiweke mahali pa mtoto yule. Kwa muda mrefu alikuwa amejizoesha kutotarajia. Wenzake aliolala nao chumba kimoja nao walikuwa na mama zao waliopotea, na barua ile haikuwa yao. Katika nyumba kama ile, furaha ya mmoja ilipita mbele ya macho ya wote. Tommy alikuwa na miaka 12, na sasa alikuwa na mama.

Kumfikisha kwa mama huyo kulikuwa kazi nyingine. Ujerumani ilikuwa imegawanywa na washindi wa vita katika maeneo manne, na mtoto asiye na hati hakuweza tu kukata tiketi. Wafanyakazi wa misaada wa Kiyahudi wakamtoa Poland wakampitisha Prague. Kutoka hapo alivushwa kuingia eneo la Wamarekani, kisha akapelekwa eneo la Waingereza. Njia ile ile ilikuwa imejaa watu waliotafuta makwao au waliokimbia makwao.

Mwishoni mwa Desemba 1946, treni ikapunguza mwendo kuingia Göttingen.

Gerda alikuwa stesheni. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita tangu Birkenau. Nafikiri juu ya hofu ya mama aliyesimama pale: angemtambuaje? Mtoto wa miaka kumi na wa miaka 12 ni watu wawili tofauti hata kwa waliolala vitanda vyao wenyewe na kula milo mitatu, seuze huyu. Tommy ndiye aliyeona kwanza. Hakungoja treni isimame, akaruka na kumkimbilia.

Walikumbatiana na kulia palepale, na ulipita muda kabla ya yeyote kuweza kusema neno.

Kisha Tommy akauliza swali lililokuwa moyoni mwake njia nzima. Mama alikuwa amekuja stesheni bila mtu pembeni yake. Baba yuko wapi?

SEHEMU YA TATU

Gerda akatikisa kichwa, machozi yakiendelea kumtoka.

Mundek Buergenthal alikufa Buchenwald Januari 1945, miezi mitatu hivi kabla ya Wamarekani kuifikia kambi hiyo. Baba aliyemfundisha mwanawe kusimama safu ya nyuma hakubahatika kujua kwamba mafunzo yake yalifanya kazi. Kwangu hakuna jambo zito kuliko hilo katika mkasa huu wote.

Kwa hiyo familia iliyoanza upya Göttingen ilikuwa ya watu wawili. Watu hudhani kwamba aliyepotea akipatikana, kazi imekwisha. Kazi ndiyo huanza. Mama alimpoteza mtoto mdogo, akampata kijana aliyejilea kambini, aliyevaa sare ya jeshi, anayejua kunusa hatari lakini asiyejua darasa linavyokuwa. Kijerumani alikisema kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani, ila kukiandika hakuweza. Alikuwa anakaribia miaka 13 na hakuwahi kusoma shule ya kawaida hata siku moja. Akatafutiwa mwalimu wa kumfundisha nyumbani, hadi akaweza kuketi na wenzake wa rika lake, watoto wa Kijerumani.

Jumapili ndizo zilikuwa ngumu. Kutoka kwenye roshani ya nyumba yao alizitazama familia za mjini zikitembea barabarani, baba, mama, babu, bibi na wajukuu, wamevalia nguo nzuri. Babu zake yeye walikuwa wapi? Baba yake je? Baadaye, akiwa mtu mzima, alieleza bila kuficha kwamba siku zile alitamani kufunga bunduki ya rashasha pale kwenye roshani awamalize wote. Kiu hiyo ilimkaa kwa muda, kisha ikamtoka. Wale wa barabarani hakujua nani alifanya nini, na kuwaua kusingemrudisha Mundek. Namheshimu zaidi kwa kukiri ile tamaa kuliko ningemheshimu kama angedai hakuwahi kuwa nayo. Wanaotuambia kwamba walisamehe usiku mmoja wanatudanganya, au wanajidanganya.

Na Nansen? Alikuwa amefika kwao Norway salama, na mwaka 1947 akachapisha ile shajara. Wanorway waliisoma, na wengi wakataka kujua mwisho wa mtoto aliyetajwa mle ndani, yule Tommy wa hospitalini. Nansen hakuwa na jibu la kuwapa. Habari zikafika pande zote mbili, barua zikaandikwa, na mwaka 1948 Tommy akasafiri hadi Norway kumwona mtu aliyemnunulia uhai kwa tumbaku. Akapokelewa kama mtoto wa nyumba. Kwa kijana asiye na baba, kupata mzee wa kumwita wake katika nchi ya tatu si jambo dogo. Familia yake sasa ilikuwa na tawi ambalo halikutokana na damu.

Gerda naye hakukaa akiomboleza milele. Aliolewa tena, na wapo wanaodhani mjane wa namna ile akiolewa amewasahau wafu wake. Mimi nasema alikuwa akiwanyima Wanazi ushindi ambao wangeufurahia kuliko wote, wa kuona nyumba za Wayahudi zimebaki mahame.

Lakini Göttingen haikuwa mji wa kijana yule kuzeekea. Kaka yake Gerda alikuwa amefika Marekani, akiishi na mkewe Paterson, jimbo la New Jersey. Walikuwa tayari kumpokea. Mwishoni mwa mwaka 1951, Thomas, sasa ana miaka 17, alipanda meli ya kijeshi iliyobeba wahamiaji kuvuka Atlantiki. Safari hii hakuna aliyemtenga na mama yake kwa mtutu. Gerda mwenyewe, aliyemtafuta huku dunia ikimwambia aache, ndiye aliyemruhusu aende.

Nchi kavu ikazama nyuma ya meli. Je, mama na mwana hawa wangewahi tena kuishi chini ya paa moja?

SEHEMU YA NNE

Kila mmoja alijenga kwake. Gerda baadaye alihamia Italia, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1991. Thomas alishuka New York Desemba 4, 1951, akaenda kwa mjomba wake Paterson, akamaliza sekondari, akasoma chuo cha Bethany, West Virginia, kisha sheria New York na Harvard. Alioa, akapata watoto watatu wa kiume. Yule aliyekuwa mtoto wa pekee wa watu wawili, aliyebaki na mama tu, akawa chanzo cha ukoo mpya. Kati ya Marekani, Italia na Norway, barua na safari zilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na meza moja ya chakula.

Msomaji wa Bunia au Kisangani huenda ameshakutana na jina lake bila kujua yote haya. Thomas Buergenthal ni miongoni mwa majaji walioketi The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Desemba 2005, ilipoamuliwa kesi ya Kongo dhidi ya Uganda na kuonekana kwamba Uganda ilikiuka sheria kwa kutumia jeshi lake ndani ya Kongo. Katika kesi hiyohiyo Mtanzania James Kateka aliketi kama jaji aliyeteuliwa na Uganda. Tutafika huko wiki zijazo. Kwanza lazima tupite Costa Rica.

Mwaka 1979 ilianzishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, makao yake yakiwa San José. Marekani haikujiunga na mkataba wake, ila Costa Rica ndiyo iliyompendekeza Buergenthal, akawa jaji wa kwanza Mmarekani katika mahakama hiyo. Miaka ile, serikali kadhaa za Amerika ya Kati na Kusini zilikuwa zimegundua njia ya kuua isiyoacha maiti. Watu wenye silaha, wamevaa nguo za kiraia, walikuja na gari lisilo na namba, wakamchukua mtu, na tangu hapo kila ofisi ilisema haimjui. Ndugu walizunguka na picha mkononi wakiuliza maswali yaleyale ya Kielce: yuko kambi gani, alikuwa na nani, umemwona?

Honduras, Septemba 1981, walimchukua hivyo Manfredo Velásquez, mwanafunzi wa chuo kikuu, mchana, katika maegesho ya magari mjini Tegucigalpa. Familia yake ilikataa kunyamaza. Baada ya miaka ya kubisha hodi kila mahali, kesi ikafika San José. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ile kusikiliza kesi ya dola iliyoshitakiwa kwa kupoteza mtu. Mawakili wa serikali walikuwa na utetezi unaoelekea kuwa na mantiki: hakuna maiti, hakuna hati, hakuna aliyekiri. Mnathibitishaje kifo cha mtu ambaye hayupo?

Kati ya majaji waliosikiliza, mmoja alijua ugumu huo kutoka ndani. Alishawahi kuwa yeye mwenyewe jina lililopotea, mtoto ambaye kila aliyekuwa na akili timamu alimwambia mama yake kwamba amekufa. Na alishampoteza baba ambaye kifo chake alikuja kukijua baadaye, stesheni, kwa mama aliyetikisa kichwa.

Mashahidi walianza kusikilizwa mwishoni mwa Septemba 1987. Dada yake Manfredo alikuja. Miguel Ángel Pavón, mtetezi wa haki za binadamu na mwanasiasa wa Honduras, naye alikuja, akaeleza aliyoyajua, akarudi kwao. Bado alikuwa akisubiriwa sajenti mmoja wa Honduras, José Isaías Vilorio, aliyepangiwa kutoa ushahidi Januari 18, 1988. Shahidi kutoka ndani ya vyombo vya dola angeweza kusema kile ambacho hakuna raia angekijua.

Januari 5, Vilorio alipigwa risasi akafa mjini Tegucigalpa.

Siku tisa baadaye, Januari 14, Miguel Ángel Pavón aliuawa San Pedro Sula, pamoja na mwenzake aliyekuwa naye.

Habari zikafika San José. Mahakama haikuwa na polisi wala gereza, na mashahidi wengine bado walikuwa Honduras, majina yao yameandikwa kwenye karatasi ambazo pande zote mbili zilizisoma. Januari 15 majaji waliitoa amri yao: Honduras iwalinde wote waliofika au watakaofika kuzungumza. Amri ikatumwa kwa serikali ileile iliyoshitakiwa. Hukumu ya Manfredo Velásquez ilikuwa bado kuandikwa, na siku ya kusikiliza ilikuwa siku tatu baadaye.

Nani angethubutu kuja?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO